Patipati za Majirani na Wageni wa Rusinga

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Lynnet amenipa kitabu hiki. Shajara, anasema. Ati mtu wa nyumba inayopokea wageni lazima aandike kila siku alichokiona. Tena niandike Kiswahili, ulimi ulainike, maana wageni wakija sitaongea nao Dholuo. Shule niliacha darasa la nne lakini mkono haujasahau. Naandika.

Leo nimeona hivi: mtoto wangu anataka kuchukuliwa.

Si na mume. Kwa mume ningepika nikaimba. Ni kampuni! Ile ya Nairobi iliyomfundisha kutembeza wageni kwa njia ya kutunza mazingira. Mnatazama ndege bila kuwatisha, mnatembea bila kuvunja kitu, mnakula kwa wenyeji mkisikiliza habari zao, na takataka zenu mnarudi nazo. Jumamosi wanaleta wageni hapa kisiwani Rusinga, kwenye bichi yetu, mara ya kwanza, ya kujaribu. Mkubwa wao anaitwa Bwana Cephas, anakuja mwenyewe kupima. Akipenda, bichi yetu ni kituo chao na Lynnet ndiye kiongozi wa wageni, analala kwake, anakula kwangu. Asipopenda, Lynnet anapelekwa Pwani. Kuna msitu huko unaotaka kiongozi.

Pwani! Mimi mwisho wangu ni Kisii. Nilipotolewa kwetu Suna kuja kuolewa hapa niliona nimefika mwisho wa dunia, na mpaka leo wananiita Nyar Suna, binti wa Suna, kama niliyeshuka jana. Sasa huyu aende mpaka kwenye maji ya chumvi? Akishikwa na malaria, nani atamkorogea uji?

Nimemuuliza nisaidie nini. Akanishika mabega yote mawili. Akasema, Mama, tafadhali, usifanye chochote. Wanataka kupaona mahali kama palivyo. Acha kila kitu kama kilivyo.

Nimeitikia. Halafu nikaenda kucheka jikoni. Mtoto ni mtoto tu! Mgeni yuko njiani halafu uache kila kitu kama kilivyo? Watu watasema nyumba hii haina mwenyewe.

Kesho naanza.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeamka na jogoo. Nikamwita Kezia, jirani yangu, na kina mama wengine wa kikundi. Tumefagia kutoka mlangoni kwangu mpaka majini. Si kufagia kwa kulamba. Kufagia! Nyasi zote tumefyeka. Miiba iliyokuwa imetupwa ovyo pale mchangani nimeichoma. Chokaa ilibaki ile ya kanisa, basi tukapaka mawe yote ya njiani, na miti tukaivalisha nyeupe mpaka kiunoni, kama ofisini kwa D.O. Kezia akarudi nyuma akatazama, akasema yawa, hata mkuu wa wilaya akipita hapa atavua kofia.

Jioni Lynnet akarudi kutoka Mbita, mjini ng'ambo. Akasimama. Nikangoja asifu.

Akauliza mchanga uko wapi. Nikamwambia mchanga ni huo huo, isipokuwa sasa umeoga. Akasema palikuwa na nyayo. Nyayo za kiboko anayepanda usiku kula majani, na za fisi maji na watoto wake. Amezilinda wiki nzima, amezizungushia miiba mtu asikanyage, awaonyeshe wageni.

Kumbe ile miiba ilikuwa na kazi!

Na kwenye zile nyasi, ndege walikuwa wanajenga viota. Lynnet akaketi kwenye jiwe kwa uchungu. Nikamwambia asiketi. Akasema Mama, niache kidogo. Nikamwacha. Chokaa ilikuwa haijakauka. Alipoinuka sketi yake nyeusi ilikuwa na mwezi mzima nyuma. Baba Lynnet akacheka mpaka akakohoa.

Sasa Lynnet anasema hakuna haja ya kuwatembeza mchangani. Atawapeleka kwa mtumbwi wa baba yake, wazunguke nyuma ya mafunjo, ambako ndege bado wanatuamini. Alisema "bado" akiniangalia. Mimi nilikuwa nasugua ile sketi, sikusikia vizuri.

Jumatano, 7 Agosti

Kilichofutwa kinaweza kuandikwa tena. Si ndivyo?

Kiboko nimemwona tangu niolewe. Mguu wake ni mviringo na vidole vinne mbele. Nimechukua chungu kidogo, nikakigandamiza matako kwenye mchanga wenye maji. Vidole nikapiga kwa ncha ya mwiko. Kidole, kidole, kidole, kidole. Chungu tena. Mgongo umenivunjika, lakini kufikia jua kutoka palikuwa na kiboko ametembea vizuri kabisa kutoka kwetu hadi ziwani.

Baba Lynnet akafika na nyavu zake. Akazitazama nyayo. Akazifuata mpaka majini, akarudi nazo. Akauliza, Nyar Suna, kiboko gani huyu anarukaruka kwa mguu mmoja kama mtoto anayecheza? Nikasema labda ni kiwete. Akasema basi ni kiwete wa humu ndani, maana ametokea mlango wa jikoni.

Huyu mwanamume hana msaada. Nilimwomba Jumamosi akae kwenye kigoda cha marehemu baba yake, ashike usinga, wageni waone utamaduni. Akasema yeye si sanamu. Jumamosi yeye hushona nyavu, atashona nyavu, wakitaka kumtazama wamtazame akishona.

Lynnet akaziona nyayo. Akachukua ufagio akazifagia mwenyewe. Tangu azaliwe ni mara ya kwanza anafagia bila kutumwa. Nimemshukuru Nyasaye, Mungu wetu, kwa hilo.

Alhamisi, 8 Agosti

Habari mbaya! Kezia amezileta zikiwa bado moto. Mwanamvita amesema chakula cha wageni Jumamosi ni pilau yake.

Mwanamvita ni mama Noordin, mwenye hoteli na duka pale Mbita. Alikuja na mumewe kutoka Mombasa siku nyingi. Ana friji. Ana boti ya injini. Ana simu, na Bwana Cephas akimtaka Lynnet hupiga kwake, kwa hiyo mambo ya mtoto wangu yeye huyajua kabla yangu. Juu ya yote hayo ana Kiswahili. Chake kinateleza kama mafuta. Mimi changu ni kama kutembea juu ya mawe bila viatu.

Sasa fikiria. Wageni wakila kwake, wataona bichi yetu ina nini? Mti uliopakwa chokaa. Bwana Cephas atasema asante, kwaheri, na Lynnet yuko kwenye basi.

Nimevuka kwenda Mbita kupeleleza. Mpango wangu: naingia kama mteja, naagiza chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, nachungulia sufuria. Sijafika hata mlangoni akaniona. "Karibu, karibu, mama Lynnet! Mbona umetutupa hivyo, bibi wewe?" Nimeketishwa. Chai ya maziwa yenye iliki. Mahamri ya moto. Ni kazi ngumu kumchukia mtu wakati mahamri yake yako mdomoni mwako. Nilijaribu.

Akaniambia kwa upole kwamba Bwana Cephas amemweleza kwenye simu, wageni hawa plastiki hawataki hata kuiona. Kwa hiyo yeye vikombe vya plastiki ameviondoa vyote, ametoa vya bati. "Na wewe mwenzangu, umejitayarishaje?"

Nikasema mimi niko tayari tangu mwaka jana.

Nikamuuliza kama ni kweli habari ya pilau. Akatabasamu. Akasema chakula cha wageni hakigombewi, mwenye kuwahi ndiye mwenye kupakua.

Vita hivyo! Nikamaliza mahamri, nikachukua jingine la njiani, nikaondoka.

Njia nzima nimetazama kwa macho mapya. Nyasaye wangu! Kwetu ni plastiki tupu. Mitungi ya maji ni plastiki. Mabeseni. Jagi la kunawia. Na miguu! Watu wote wa bichi wamevaa patipati, hizi ndara za plastiki, nyekundu, bluu, kijani. Bwana Cephas akishuka ataona nini kwanza? Miguu yetu.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimezunguka na Kezia nyumba kwa nyumba, tukiwa na magunia. Nimewaambia ni sheria ya mazingira, ya siku moja tu. Toeni plastiki zote.

Wengine walitoa. Mzee Otieno, yule wa nyumba ya tatu, alikataa mtungi wake. Akauliza kama hayo mazingira yatamchotea maji. Nikamwambia bibi zetu walichota kwa nyungu. Akasema bibi zetu wamekufa wote, na yeye anajua kwa nini. Nikamwambia haya, kaa nao, lakini kwenye picha za wageni hutakuwemo. Akafikiri. Akatoa mtungi. Kisha akainama akavua na patipati, akasema hizi za kijani nizitunze sana, amezizoea.

Magunia yamejaa. Ficha wapi? Ndani kwangu wageni wataingia kula. Choo hakitoshi. Ndipo Mungu akanipa akili. Ule mtumbwi mbovu wa Baba Lynnet, umefungwa kule nyuma ya mafunjo, unaingiza maji kidogo lakini haujazama. Kule hapiti mtu. Tumepakia humo kila kitu mpaka ukawa mlima, tukafunika kwa wavu mkuukuu. Hata mimi niliyeuficha nilipogeuka sikuuona.

Jioni Lynnet ameuliza kwa nini baba yake ananawa miguu kwenye sufuria ya ugali. Nikasema ni utamaduni.

Kuku amechinjwa. Samaki Baba Lynnet ataleta alfajiri. Mwanamvita alete pilau yake, nitaona itapita wapi. Nimekuwa nikimtazama Lynnet akirudia majina ya ndege peke yake pale mlangoni, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Dholuo. Anayajua yote. Yawa! Wasinichukulie huyu.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika nikiwa bado na matope miguuni.

Wamefika asubuhi. Kijiji chote kilijipanga kuwapokea, nguo za Jumapili, miguu mitupu. Kezia na gauni lake la lesi. Mzee Otieno koti na tai, na vidole kumi vya miguu vikiota jua. Bwana Cephas ni mtu mwembamba, mpole, miwani mikubwa. Akawatazama, akamuuliza Lynnet polepole kama watu wa hapa huvua viatu kuheshimu ziwa. Lynnet akanitazama. Baba Lynnet akajibu kutoka kwenye nyavu zake kwamba hapana, hapa watu huvua viatu siku Nyar Suna akipata wazo.

Wageni wakacheka bila kujua wanacheka nini. Kulikuwa na mama mmoja mzee wa Uholanzi, kofia yake pana kama ungo. Amenisalimia kwa mikono miwili. Nikampenda hapo hapo.

Kisha Lynnet akasema, haya, tupande mtumbwi, tunazunguka nyuma ya mafunjo.

Nyuma ya mafunjo!

Ndipo nikakumbuka. Jumanne. Alisema, na mimi nilikuwa nasugua sketi.

Nikaruka mbele nikasema huko hakuendeki, kuna kiboko mkali! Lynnet akafunga macho. Mgeni mmoja akauliza mama anasema nini, Bwana Cephas akamwambia. Kiboko! Walifurahi kama watoto. Waliingia mtumbwini mbio kuliko abiria wa basi la Isebania.

Mimi nikakimbia kwa nchi kavu, matopeni, pindo la nguo nimelishika mkononi. Nikatokea kwenye mafunjo wakati mtumbwi unaingia. Kimya. Kasia la Baba Lynnet halitoi hata sauti. Lynnet amesimama mbele, anasema kwa sauti ya chini, mkono wake unaonyesha mdiria, kale kandege kadogo ka bluu kenye mdomo mrefu. Kidole chake kikienda huku, vichwa vyote vinaenda huku. Kikienda kule, vinaenda kule. Watu wazima! Nikasahau kuogopa. Nikasema moyoni, huyo nimemzaa mimi.

Ndipo nikasikia injini.

Boti ya Mwanamvita. Noordin mwanawe ameshika usukani, na yeye katikati ameketi chini ya mwavuli kama bibi harusi, sufuria ya pilau imekaa mbele yake. Amekuja kuwawahi wageni huko huko majini! Boti ikakata kona. Mawimbi yakaja. Ule mtumbwi mbovu ukainuka, ukafikiri kidogo, ukalala ubavu.

Vikatoka vyote.

Mitungi ya njano. Mabeseni mekundu. Jagi la kanisa. Na patipati, yawa, patipati zikatangulia, zimetanda ziwani kama maua ya harusi, zinaelekea kwa wageni. Mdiria akaruka, akazunguka, akatua juu ya mtungi wa Mzee Otieno. Wageni wakapiga picha.

Kumbe watu walikuwa wamenifuata. Halafu sauti ya Mzee Otieno ikatoka ufuoni: "Ile ya kijani ni yangu! Ishikeni! Ya mguu wa kushoto!"

Basi. Kijiji chote kikaingia majini. Koti, tai, lesi, vyote. Yule mama wa Uholanzi akavua kofia, akaanza kuteka patipati kama anayevua dagaa. Bwana Cephas alikunja suruali hadi magotini, kisha ikawa haina maana kukunja kwa sababu maji yalikuwa kifuani. Mwanamvita akaamrisha injini izimwe, akasimama na upawa wa pilau, anavuta viatu kwa upawa na kutoa amri. "Lile beseni! Noordin, lile beseni lisipotee! We mzee, utazama na hiyo tai!"

Mimi nilisimama maji yakiwa magotini. Sikushika kitu. Niliona basi la Pwani. Niliona Lynnet dirishani.

Bwana Cephas akamuuliza Lynnet vitu hivi ni vya nani. Nilifungua mdomo. Lynnet akanitangulia. Akasema kwa Kiingereza kwa wageni, halafu akarudia kwa Kiswahili nisikie. Akasema yule ni mama yangu. Alifagia nyayo za kiboko, akapaka mawe chokaa, akaficha viatu vya kijiji kizima, kwa sababu anaogopa nitapelekwa mbali. Nilimwambia asifanye chochote. Hawezi. Hajawahi kuweza tangu anizae.

Hakucheka, hakulia. Alisema tu, wima pale mbele ya mtumbwi.

Yule mama mzee akashuka majini akanijia na kofia imejaa patipati. Akanipa moja mkononi. Akasema maneno mengi. Lynnet akatafsiri: mama yake naye huko kwao alikuwa akiogesha ng'ombe kila wageni walipokuja. Nikacheka. Nikalia. Vyote pamoja.

Na hawakuishia kwenye vyetu. Walipoanza kuokota waliona chupa, nyavu za nailoni zilizokatika, mifuko ya plastiki iliyokwama kwenye magugu maji tangu sijui lini. Wakatoa vyote, wageni na wenyeji, mstari mmoja, wanapokezana. Mchana nyuma ya mafunjo palikuwa pasafi kuliko siku niliyoolewa.

Tumekula juu ya yale mawe meupe. Pilau na samaki wangu kwenye sahani moja. Mwanamvita akasema samaki wangu hakosi kitu ila ndimu. Nikamwambia na pilau yake haikosi kitu ila samaki wangu. Akanipakulia tena.

Bwana Cephas ameondoka nguo zimelowa. Hakusema ndiyo, hakusema la. Atapiga simu Jumanne.

Kwa nani? Kwa Mwanamvita!

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani. Patipati zilirudishwa vibaya. Kila mtu ana nyekundu huku, bluu kule. Mzee Otieno amepata ya kulia, ya kushoto imevaliwa na mke wa mchungaji na hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia. Ibada nzima watu walitazama miguu yao, kisha uso wangu.

Nyumbani nimemkuta Lynnet anakunja nguo. Nikamuuliza unaenda wapi. Akasema haendi popote, zimekauka, anazikunja. Akatoka kidogo, nikazikunjua. Akarudi akazikunja. Akaenda kuchota maji, nikazikunjua. Mwishowe akaketi kitandani, akasema Mathe, njoo hapa. Tumekaa tu, kichwa chake begani kwangu. Kizito kama alipokuwa mdogo.

Jumanne, 13 Agosti

Nilifika dukani kwa Mwanamvita kabla hajafungua. Akaniketisha. Chai. Nilitazama ile simu kama mtu anayetazama maziwa yasifurike.

Ikalia. Mtu wa soda. Ikalia. Rafiki ya Noordin. Nikamwomba asiongee sana, atamaliza waya.

Ikalia tena. Mwanamvita akashika. "Naam. Naam, Bwana Cephas. Ehe. Ehe. Ala!"

Ala nini? Uso wake hauonyeshi kitu, ni mfanyabiashara. Akaiweka simu chini. Akapangusa meza. Akaniuliza, mwenzangu, nikuongeze mahamri?

Nilikaribia kumuuma.

Ndipo akasema. Bwana Cephas anasema wageni njia nzima mpaka Migori walikuwa na hadithi moja. Hata walipofika kwenye kuta za mawe za Thimlich, mahali wazee walijenga bila hata tone la udongo, bado walikuwa wanaulizana patipati ya kijani ilipatikana au haikupatikana. Anasema hajaona safari ambayo wageni na wenyeji wameingia maji pamoja. Bichi yetu ni kituo. Lynnet anabaki.

Lynnet anabaki!

Kuna masharti. Kila safari, kabla ya ndege, wageni na wenyeji wataokota takataka ziwani pamoja. Boti ya injini isikaribie mafunjo. Chakula ni pilau na samaki, jikoni kwangu, wapishi wawili. Na la mwisho: siku ya wageni, mama Lynnet apewe kiti, aketi, apumzike.

Nimelia juu ya meza ya duka. Mwanamvita naye alilia. Alisema ni vitunguu. Sikuona kitunguu. Kisha akaniita dada, na Kiswahili changu kikateleza kidogo, nikajibu vizuri.

Lynnet nimemkuta njiani anakuja mbio, hakuweza kungoja. Tumeshikana hapo hapo barabarani mpaka ng'ombe wa watu wakatuzunguka. Akaniuliza, Mama, lakini sharti la mwisho umelisikia? Nikamwambia nimelisikia. Siku ya wageni nitakaa kwenye kiti kama jiwe.

Ijumaa, 23 Agosti

Wageni wapya ni kesho. Nimeshuka bichi kukagua kidogo, kwa macho tu.

Msiba! Pasafi! Pasafi kama sahani!

Tangu ile simu watu wameingiwa na wazimu. Mzee Otieno anatembea na gunia tangu alfajiri. Kezia anapiga kelele mtoto akitupa ganda la peremende. Nimezunguka mafunjo yote, sikuona hata mfuko mmoja. Sasa mtu amepanda ndege, amevuka bahari, amekuja kuokota takataka, na takataka hakuna? Ataokota nini? Bwana Cephas atauliza, na Lynnet atajibu nini? Na ule msitu wa Pwani haujapata mtu, nimeuliza.

Lynnet yuko Mbita kwa shughuli zake, kwa hiyo sikuweza kumshauri. Sharti linasema siku ya wageni. Leo si siku ya wageni.

Nimekwenda kwa Mwanamvita. Sikumaliza hata kueleza. Akafungua stoo ya nyuma ya hoteli, akatoa mitungi iliyopasuka, chupa za mafuta ya kupikia, ndoo isiyo na tako. Akamtuma Noordin alete kwa boti, injini izimwe mapema, masharti ni masharti. Nimevipanga mwenyewe ndani ya mafunjo. Nyekundu karibu na njano. Vya wazee karibu na ufuo, wasiiname sana. Pazuri! Mdiria amekwisha kuja kuangalia.

Kezia amesimama pale akauliza kama huku si kuchafua ziwa. Nimemshangaa sana huyu mama. Kuchafua na nini? Nimeviosha vyote, kimoja kimoja, kwa sabuni ya unga, hapo hapo ziwani, mpaka vikang'aa. Mimi mgeni wangu hawezi kushika takataka chafu.